Chambo Penye Magogo Yaliyozama

Katika Ziwa Viktoria, upande wa Bukoba na visiwa vya Muleba, miti mingine huanguka majini ikazama. Samaki wadogo hujificha penye matawi yake, na samaki wakubwa huja kuwavizia. Basi mvuvi wa mshipi hupenda mahali hapo. Lakini ndipo ndoana zinaponasa na mishipi kukatika.

Kwanza mvuvi mwenye akili hujiuliza, "Namtaka samaki gani?" Sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, hula samaki wenziwe, hutegewa furu au dagaa. Kambare hutafuta chakula kwa kunusa na kwa ndevu zake, hata usiku. Yeye hutegewa nyungunyungu, au kipande cha nyama chenye harufu.

Pili hujiuliza, "Ndoana itapitaje matawini?" Kwa hiyo huificha ncha yake ndani ya chambo, isishike mti. Hutumia chubwi nyepesi, ili chambo kishuke polepole. Tena hukitupa kando ya gogo, si juu yake. Samaki akimeza, humvuta upesi kabla hajakimbilia matawini.

Ndoana ikinasa kabisa, huukata mshipi. Haingii majini kuifuata, kwa maana ziwani mna mamba. Ndoana hununuliwa tena, uhai haununuliwi.

Maswali
1. Kwa nini samaki wakubwa huja penye magogo?
2. Kambare hutegewa chambo gani, na kwa nini?
3. Ncha ya ndoana hufichwa kwa sababu gani?