Breki, Mteremko na Joto

Katika mashindano ya baiskeli za milimani yaitwayo enduro, kwa kawaida hupimwa muda wa kushuka tu. Muda wa kupanda hauhesabiwi. Hivyo mshindi ni yule ajuaye kutumia breki.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kilosa ashukaye milima ya Rubeho. Yeye na baiskeli yake wana kilo 100, na kimo cha mteremko ni meta 300. Nishati itolewayo ni:

100 × 9.8 × 300 = jouli 294,000

Nishati hiyo yatosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 95 za Selsiasi. Hewa na tairi huchukua sehemu yake. Iliyobaki hugeuka joto katika breki. Abanaye breki mfululizo huzinyima nafasi ya kupoa, na zikipata joto mno msuguano hupungua. Mshindani stadi hubana kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachia. Kasi iongezekapo, hewa huchukua sehemu kubwa zaidi.

Zoezi: Mchuuzi wa mkaa karibu na Mikumi, pamoja na baiskeli na mzigo, ana kilo 180. Akishuka kimo cha meta 100 bila kuongeza kasi, ni jouli ngapi zitageuka joto? Kwa nini akague breki kabla ya kufunga mzigo?