Kadeti Baada ya Kengele ya Mwisho: Klabu za JROTC Zinafundisha Nini?

Wenzangu wa elimu, kwenye kozi zetu "shughuli za nje ya darasa" hupewa mhadhara mmoja, tena wa wiki za mwisho wakati kila mtu anawaza mitihani. Tunaambiwa michezo inajenga mwili, mdahalo unajenga ufasaha, skauti inajenga nidhamu, basi, tunasonga mbele. Leo nataka tuchukue mfano mmoja tuuchimbe: klabu za kadeti katika shule za sekondari za Marekani. Nimeuchagua makusudi kwa sababu ni mgumu. Ndani yake kuna mambo ambayo mwalimu yeyote angeyatamani shuleni kwake, na kuna mengine ya kumkosesha usingizi.

Tuanze na darasa lenyewe, maana klabu zimeota juu yake. Mpango huu unajulikana kwa herufi JROTC, yaani mafunzo ya maafisa wa akiba katika ngazi ya vijana. Ulianzishwa kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1916, na sheria ya mwaka 1964 ikaupanua kwa matawi mengine ya jeshi. Wasichana waliruhusiwa rasmi mwaka 1973. Ni somo kama masomo mengine: lina kitabu, lina alama, liko kwenye ratiba, na mwanafunzi anaweza kulisoma kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Anayefundisha kwa kawaida ni mwanajeshi mstaafu, na mshahara wake huchangiwa na jeshi pamoja na wilaya ya shule. Kadeti hafungwi kujiunga na jeshi akimaliza. Ila akijiunga, miaka aliyosoma inaweza kumwanzisha kwenye ngazi ya malipo iliyo juu kidogo ya wenzake. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa klabu. Hizi hukutana alfajiri kabla ya kipindi cha kwanza, au jioni wengine wakishaenda nyumbani. Hakuna anayelazimishwa kuja, na zipo ambazo unafanyiwa majaribio kwanza ndipo upate nafasi. Kwangu tofauti hii ya hiari na lazima ndiyo moyo wa mada nzima.

Klabu inayojulikana zaidi ni ya gwaride. Waliopita JKT wanajua gwaride lilivyo: afande anapiga kelele, wewe unageuka, jua linawaka. Kwenye klabu hizi kuna aina mbili. Ya kwanza ni gwaride la kanuni: kila timu inapewa mfululizo uleule wa amri, na majaji wanazunguka na karatasi zao wakitafuta kiwiko kilichopinda au kisigino kilichochelewa. Ya pili ni gwaride la maonyesho, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Timu inatunga yenyewe. Kadeti wanarusha bunduki hewani, zinajizungusha, zinadakwa na mwenzao upande wa pili bila hata kutazamana. Ni bunduki zisizoweza kufyatua risasi, lakini zile za kweli za zamani zinafikia kilo nne hivi, na kilo nne zikikushukia usoni hazikuulizi kama zilikuwa za maonyesho. Kila mwaka timu bora hukutana Daytona Beach, Florida, kwa mashindano ya taifa.

Lakini kwa jicho la mwalimu cha kutazama si bunduki. Tazama nani anatoa amri. Uwanjani timu inaongozwa na kadeti mwenyewe, kijana wa miaka 16 au 17, na mwalimu yuko pembeni kama sisi watazamaji. Huyo kijana ndiye aliyewafundisha wa darasa la 9 jinsi ya kusimama, ndiye aliyegundua kwamba fulani anaanza na mguu usio wake kila anapoogopa. Vygotsky angekaa pale siku nzima na daftari lake. Tunasema kila siku kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri kwa msaada wa mwenzake aliyemtangulia hatua moja, halafu tukifika kwenye TP tunasimama mbele na chaki dakika 80 mfululizo. Hawa wameijengea nadharia hiyo ngazi: kadeti wa mwaka wa kwanza anajua kabisa kwamba akivumilia, miaka miwili ijayo sauti ya pale mbele itakuwa yake.

Ndugu ya klabu hii ni kikosi cha bendera. Ni watu wanne tu: wawili wanabeba bendera na wawili wanawalinda pembeni. Mnawaona kwenye mechi za mpira wimbo wa taifa ukipigwa. Ni kazi ya dakika chache, lakini uwanja mzima umesimama kwa ajili yao, na kwa mtoto ambaye shuleni hakuna anayelijua jina lake, jamani, hilo si dogo.

Halafu kuna Raiders, klabu ya jasho. Wanakimbia kilomita tano, wanambeba "majeruhi" kwenye machela porini, na wana shindano moja ninalolipenda sana kulitazama: daraja la kamba moja. Kila mtu anajifungia kamba kiunoni na mapajani kama kiti, mmoja anavuka na ncha ya kamba kuu hadi ng'ambo, inafungwa na kukazwa, kisha timu inapita mmoja mmoja ikining'inia, na mwisho kamba yenyewe inavutwa. Saa haisimami mpaka wa mwisho afike. Kwa hiyo mwenye misuli hana faida yoyote kama rafiki yake hajui kufunga fundo. Ukitaka kufundisha kazi ya kundi bila kusema neno "ushirikiano" hata mara moja, ndiyo hiyo.

Klabu ya shabaha hutumia bunduki za upepo. Umbali ni mita 10, na mikao ni mitatu: kulala, kupiga goti, kusimama. Kitovu cha shabaha ni nukta ya nusu milimita. Kabla ya kugusa bunduki kuna mafunzo na mtihani wa usalama. Wanaoutetea mchezo huu husema ni somo la kupumua na kutulia, na kwa kiasi wana haki; mwenye hasira hawezi kupiga nusu milimita.

Zipo pia klabu za akili, ambazo wengi wetu hatuzijui kwa sababu hazina picha nzuri. Kuna mashindano ya chemsha bongo ambayo fainali yake hufanyika Washington, na maswali yake yanamwandaa kadeti kwa mitihani ya kuingia chuo. Kuna CyberPatriot, iliyoanza mwaka 2009: timu inapewa kompyuta zilizojaa mianya ya usalama na saa chache za kuitafuta na kuiziba. Ilianzia kwa vijana wa kadeti, leo shule za kawaida nazo zinashindana.

Kwa nini Marekani iwekeze hivi? Sehemu ya jibu ni mtu mmoja. Colin Powell alipokuwa chuoni New York hakuwa mwanafunzi wa kung'ara, na kilichomshika kilikuwa klabu ya gwaride iitwayo Pershing Rifles. Miaka mingi baadaye, akiwa mkuu wa majeshi, Los Angeles ikawaka kwa ghasia za mwaka 1992. Powell akasukuma JROTC ipanuliwe, hasa katika shule za mijini zenye vijana maskini, na idadi ya vituo ikapanda kutoka takribani 1,500 hadi 2,900. Yaani mtu aliyeokolewa na klabu aliwapelekea wengine klabu. Inagusa, sikatai.

Ila hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kuuliza swali baya. Kama kijana maskini anahitaji mahali pa kuwa mtu, kwa nini mahali hapo pawe na nembo ya jeshi? Kwa nini shule yake ikose fedha za maigizo na muziki lakini ipate za gwaride? Na ule mshahara wa ngazi ya juu niliosema tuukumbuke: hakuna sheria inayomsukuma kijana kambini, lakini mlango umeachwa wazi na taa imewashwa.

Kuna mabaya zaidi. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba shule kadhaa ziliwaandikisha wanafunzi wa darasa la 9 kwenye JROTC bila kuwauliza. Gazeti hilohilo lilikuta wakufunzi wasiopungua 33 walioshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi katika kipindi cha miaka mitano. Sasa unganisheni na nilichosifia: mazoezi ya alfajiri, safari za mashindano, mtu mzima mwenye cheo na watoto waliofundishwa kutii. Mazingira yaleyale yanayojenga imani yanaweza kumficha mnyanyasaji. Na mwaka 2018, kwenye mauaji ya shule ya Parkland, Florida, makadeti watatu walikuwa kati ya waliouawa na wakapewa nishani za ushujaa. Muuaji naye aliwahi kuwa kadeti na mwanachama wa timu ya shabaha. Sidai kwamba klabu ilimfanya muuaji. Wale watatu walivaa sare ileile. Lakini anayesema klabu inatengeneza tabia njema peke yake, ajibu hilo kwanza.

Kwa hiyo ifutwe? San Francisco walijaribu. Bodi ya elimu ya jiji ilipiga kura mwaka 2006 kuiondoa JROTC, ikipinga jeshi kuwa na mkono shuleni. Wakati mvutano ukiendelea, somo liliacha kuhesabiwa badala ya elimu ya viungo, na idadi ya wanafunzi ikaporomoka. Mtetezi wa bodi angesema: mmeona, walikuja kwa ajili ya alama. Lakini waliobaki walibaki bila alama hiyo. Makadeti walikwenda kwenye vikao kujitetea, wakazungumza mbele ya watu wazima kwa mpangilio na bila kutetemeka, ujuzi ambao bila shaka waliupata palepale palipotakiwa kufungwa. Mwaka 2008 wapiga kura wa jiji wakaunga mkono mpango huo, na mwaka 2009 bodi ikageuza uamuzi wake.