Gari-Nyumba Katika Nyanda za Meru: Utunzaji na Uendeshaji Wake

Gari-nyumba ni chombo cha usafiri ambacho ndani yake, au juu ya paa lake, wasafiri huweza kulala, kupika, na kuhifadhi maji na chakula. Katika nchi za Ulaya na Marekani magari ya namna hii hutoka viwandani yakiwa kamili. Mjini Arusha, kwa kawaida, gari-nyumba huzaliwa gereji. Mafundi huchukua Land Cruiser au Land Rover, wakarefusha chesisi, wakaongeza springi, wakafunga paa linaloinuka au mahema ya kukunjwa juu ya paa, kisha wakatia tangi la maji, betri ya pili, jokofu na mtungi wa gesi. Hali kadhalika, hupita malori makubwa yaliyogeuzwa kuwa makao, yakitoka Nairobi kwa njia ya Namanga na kuelekea kusini mwa Afrika.

Gari lililobadilishwa hivyo halitii tena hesabu zote zilizofanywa na waliolibuni. Zaidi ya hayo, mji wa Arusha upo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566, na barabara zake hupanda na kushuka sana. Kwa hiyo dereva, fundi na msafiri yafaa wazielewe kanuni chache za sayansi zinazotawala chombo hiki. Mtu aielewaye sababu ya jambo hulikumbuka kwa urahisi kuliko yule aliyeamrishwa tu.

1. Uzito

Kila gari lina kibati kinachoonyesha uzito wa juu kabisa lililoruhusiwa kubeba pamoja na uzito wake lenyewe. Mzigo wa gari-nyumba huongezeka kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua. Mathalani, lita 100 za maji ni kilo 100. Lita 150 za dizeli ni kilo 126 hivi. Watu wanne wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 280. Mahema mawili ya juu ya paa, kila moja likiwa na kilo 60, ni kilo 120. Jumla ni kilo 626, kabla ya kuhesabu chakula, jokofu, vifaa na matairi ya akiba.

Springi nene huinua gari lionekane limenyooka, lakini haziongezi hata kidogo nguvu ya breki, wala uwezo wa ekseli, wala wa matairi. Hili ni kosa la fikra linalopatikana mara nyingi. Gari lililopakiwa kila kitu yafaa lipitishwe kwenye mizani ya magari mara moja, na matokeo yalinganishwe na kibati.

Mahali pa mzigo nako kuna maana. Vitu vizito, kama vile maji, betri na vifaa vya chuma, viwekwe chini na katikati ya ekseli mbili. Kila kilo inayopandishwa juu ya paa huinua kitovu cha uzito, na gari hukaribia zaidi kupinduka linapokata kona au linapopita kwenye barabara iliyoinama upande mmoja.

2. Injini na uhaba wa hewa

Injini haichomi mafuta peke yake; huchoma mchanganyiko wa mafuta na oksijeni ya hewa. Kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, unavyopungua. Katika kimo cha Arusha hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 13 hivi. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, tofauti hufikia asilimia 20. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, mafuta yanayoingia hukosa hewa ya kutosha, na moshi mweusi hutoka. Moshi huo ni mafuta yaliyopotea. Dawa yake ni kubadili gia mapema, kabla injini haijalemewa.

Maji nayo huchemka kwa joto dogo zaidi mlimani. Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta ni kifaa muhimu: hubana mvuke, ukaongeza kanieneo ndani, na hivyo kuzuia maji yasichemke mapema. Mfuniko uliochakaa mpira wake huweza kuchemsha injini ambayo haina kasoro nyingine yoyote. Mfuniko huo usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Kanieneo ikiondoka ghafula, maji yaliyopita nyuzi 95 hugeuka mvuke mara moja na kumwunguza afunguaye.

3. Breki katika mteremko

Breki hufanya kazi moja tu, nayo ni kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Tuseme gari lenye kilo 3,500 linateremka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu, na kimo linachoshuka ni mita 300. Nishati itakayoachwa na gari hilo ni:

3,500 × 9.8 × 300 = juli 10,290,000.

Kiasi hicho chatosha kuchemsha karibu lita 33 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20, kwa kiwango cha kuchemka cha Arusha. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika vipande vichache vya chuma vilivyomo ndani ya magurudumu.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, pedi za breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza msuguano, na gari haliitikii ingawa kanyagio ni gumu. Pili, mafuta ya breki huweza kuchemka. Mafuta haya hufyonza unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, viputo vya mvuke hujaa katika mabomba. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Kwa hiyo kanyagio huzama hadi sakafuni na gari haliwi na breki tena.

Kinga yake ni rahisi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana. Kabla ya kuanza kuteremka, dereva aingize gia ambayo angeitumia kuupanda mlima uleule, aiache injini ilizuie gari, na akanyage breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha aiachie ipoe. Kuweka gia huru katika mteremko ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa. Dereva akinusa harufu ya kuungua, asimame mahali salama na kusubiri. Asimwagie maji magurudumu, kwa kuwa chuma cha moto hupinda au kupasuka.

4. Matairi

Kipimo cha upepo huonyesha tofauti kati ya kanieneo ya ndani ya tairi na ile ya nje. Gari lililojazwa upepo Dar es Salaam likifika Arusha, kipimo huonyesha nyongeza ya paundi 2 hivi, ikiwa joto halikubadilika, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu. Kwa upande mwingine, asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, tairi la gari-nyumba lenye paundi 45 hupungukiwa na paundi 2 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoshuka. Hivyo upepo upimwe asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi.

Tairi lenye upepo mdogo huku limebeba mzigo mzito hukunjuka na kukunjamana katika kila mzunguko, hupata joto, na hatimaye hupasuka. Umri nao uangaliwe: mpira huzeeka kwa jua hata kama kashata zake bado ni ndefu. Tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

5. Mwendo na mifugo

Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Dereva anayekwenda kilometa 50 kwa saa, akichukua sekunde moja kutambua hatari, atasimama katika mita 30 hivi kwenye lami kavu. Akiwa katika kilometa 80 kwa saa atahitaji mita 63, na lami ikiwa na maji huenda zikazidi 90. Katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kilometa 50 ndio ukomo katika makazi ya watu, na kilometa 80 ni ukomo wa magari ya biashara yanayozidi kilo 3,500.

Takwimu hizi zina maana ya pekee katika barabara ya Makuyuni, ambako wafugaji huvusha ng'ombe na mbuzi, na mara nyingi mchungaji ni mtoto. Ng'ombe mmoja akishavuka, kundi lote litamfuata. Dereva apunguze mwendo amwonapo wa kwanza. Usiku taa za gari haziangazi mbali vya kutosha kwa mwendo wa mchana. Ni bora kupiga kambi kabla ya giza.

6. Moto na hewa ya kulalia

Usiku katika miteremko ya Meru ni wa baridi, na wapo wanaoshawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari au hema. Jambo hili huua. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuchukua oksijeni. Anayepumua gesi hiyo huumwa kichwa, akasinzia, na asiamke. Mkaa unaoonekana umekufa kwa majivu bado hutoa gesi hiyo. Baridi izuiwe kwa mablanketi na godoro zito, wala si kwa moto.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kukusanyika chini. Kwa sababu hiyo chumba cha mtungi kiwe na tundu sakafuni la kutokea nje, na uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

7. Maji ya kunywa

Udongo na miamba ya volkeno ya Meru ina madini ya floridi, ambayo huyeyuka katika chemchemi na mito. Maeneo ya Maji ya Chai na Ngare Nanyuki yanajulikana kwa tatizo hili, na maziwa ya Momella yana floridi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto yanayokua huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa sana mifupa hukakamaa.

Yafaa ieleweke kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki, na ukali wake huongezeka. Chujio la kawaida la udongo nalo haliiondoi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu maalumu huweza kuinasa. Njia hiyo imetafitiwa katika kituo cha Ngurdoto. Mgeni wa siku chache hadhuriki, lakini dereva na mpishi wanaojaza tangi hilohilo mwaka mzima, na watoto wao nyumbani, wamo hatarini. Tangi lijazwe maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa, na maji ya mito yatumike kuoshea.

8. Vumbi, tope na betri

Vumbi la majivu ya volkeno ni laini na hukwaruza chuma. Chujio la hewa likaguliwe kila siku wakati wa kiangazi, na mpira wake wa kuzibia usiwe na ufa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za udongo mweusi zikwepwe na gari zito. Likizama, kukanyaga mafuta huzidi kulichimbia.

Betri ya risasi isitumiwe kupita nusu ya akiba yake. Betri ya amperi-saa 100 hutoa basi 50. Jokofu linalotumia wastani wa amperi 3 litafanya kazi saa 16 tu. Baada ya hapo ni lazima injini au sahani za jua ziichaji.

Maswali ya kujipima

(a) Gari la kilo 3,000 likishuka mita 200, breki na injini zitapokea juli ngapi?

(b) Kwa nini kanyagio huzama mafuta ya breki yanapochemka?

(c) Mama ameyachemsha maji ya kijito cha Ngare Nanyuki kwa nusu saa ili kumpa mtoto. Amemkinga na nini, na hakumkinga na nini?