Dondoo muhimu: Nyumba ya mbao kando ya bwawa

Kitui na Makueni, adui mkubwa wa nyumba ya mbao ni mchwa. Kwa hiyo nguzo zinazogusa udongo ziwe za mukau, mti wa ukame ambao mchwa hawauli kwa urahisi, wala si mkaratusi mbichi. Utaambiwa mukau huchukua zaidi ya miaka 10 kukomaa. Ni kweli, na ndiyo sababu familia ipande mpakani sasa, kwa mbegu bora za KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, na kwa leo inunue nguzo tu. Mwethya, kikundi cha Wakamba cha kazi za pamoja, uitwe kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo, kazi za mikono mingi. Paa mwachieni fundi. Na msisogelee maji: jengeni juu ya pale mafuriko makubwa wanayoyakumbuka wazee yalipofika.