Punda wawili na magoti yangu

SWALI: Daktari, nina miaka 71, niko Lamu. Nafuga punda wawili na mbuzi watatu, ila magoti yamechoka. Watoto wanasema niuze wote. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mzee. Mbuzi wapunguze, wanakukimbiza bure. Punda usiwafanyie haraka. Punda akitunzwa hufika miaka 30 na zaidi, hivyo magoti si hoja pekee: nani atawarithi? Mchague leo, aanze kuwazoea. Na ukiuza, usiuze mmoja. Punda aliyetenganishwa na mwenziwe huweza kususa chakula, mafuta yakajaa kwenye damu, na mara nyingi tunaitwa tumeshachelewa.

Kuinama mwachie kijana. Kwato hupunguzwa kila wiki 6 hadi 10. Wewe baki na kazi ya macho. Asubuhi tazama chini ya hori. Ukikuta vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu nusu, huenda magego ya mmoja wao yamekwisha: mpe majani yaliyokatwakatwa na kulowekwa, kisha niite. Na ukimsugua usikae nyuma yake, hata kama mmezeeka pamoja.