Mcheza Kwao Hutunzwa: Faida za Michezo Sekondari

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, muda si mrefu tutakwenda fildi. Utapewa vipindi vyako, na kabla hujakaa sawa mtu atakuuliza, "Mwalimu, utatusaidia na michezo?" Wengi wetu tunaichukulia kama kazi ya ziada. Mimi nasema hilo ni somo kamili, na lina faida ambazo darasani hazipatikani kirahisi. Hebu tuzipitie.

Mimi nimesoma sekondari kwetu Moa, wilaya ya Mkinga, pwani ya Tanga karibu na mpaka wa Kenya. Moa ni bahari. Samaki wakipatikana kwa wingi, madawati ya nyuma hubaki wazi, wavulana wako majini. Wasichana nao wana kazi za nyumbani zisizoisha. Ukimwambia mzee kwamba mtoto wake atabaki mazoezini, anakujibu, "Mtihani haumuulizi mtu kafunga magoli mangapi." Hoja hiyo si ya kubeza. Hata serikali, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwahi kusimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA kwa kuona kwamba mashindano hayo yanakula muda wa masomo, kisha baadaye yakarudishwa. Kwa hiyo mzee huyu anastahili jibu.

Faida ya kwanza ni mahudhurio. Timu yetu ya netiboli ilikuwa na sheria moja tu: asubuhi hukuonekana darasani, jioni hugusi mpira. Netiboli wanacheza 7. Akikosekana mmoja, pengo linaonekana kiwanja kizima, na wenzake wanamfuata mpaka kwao kumuuliza kulikoni. Darasa lenye watu wengi halina habari naye. Mimi nilicheza senta, na kuna wenzangu wawili waliokuwa wanakuja shule kwa ajili ya mechi ya Ijumaa, wakajikuta wamesoma tangu Jumatatu.

Ya pili ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mwanafunzi anayekaa kwenye dawati kutwa nzima atazipata wapi kama si kiwanjani?

Ya tatu ni kushirikiana. Kwenye netiboli huruhusiwi kukimbia na mpira, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Yaani lazima umtafute mwenzako aliyekaa vizuri, na umtafute upesi. Mchoyo hafiki popote. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge moyo wa kushirikiana badala ya kila mtu kujali mafanikio yake peke yake. Kiwanjani jambo hilo halihitaji hotuba.

Ya nne ni kujua kushindwa. Ukifeli jaribio unakunja karatasi unaificha. Mechi unafungwa mbele ya kijiji kizima, na Jumatatu unarudi mazoezini kama kawaida. Mtoto aliyezoea hivyo, matokeo ya kidato cha pili yakimwendea vibaya, hatatupa madaftari mara moja.

Ya tano ndiyo inayopendwa kutajwa: michezo hufungua milango. Aprili 2023, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walichukua ubingwa wa Afrika wa soka la shule kule Durban, Afrika Kusini. Waliwafunga Wamorocco 3-0 kwenye fainali, na zawadi ilikuwa dola 300,000 za Marekani. Sifa kwao!

Lakini jamani, tusiwadanganye watoto. Wengi hawatafika Durban. UMISSETA wenyewe ni mchujo kutoka shule hadi taifa, na kila hatua kuna wanaorudi nyumbani. Mwalimu anayewahangaikia 11 tu wa timu ya shule amewaacha mamia pembeni wakipiga makofi. Faida nne za mwanzo ni haki ya kila mwanafunzi, hata asiyejua kudaka mpira.

Basi ukifika kituoni, anza na haya. Kila darasa lipate siku yake kiwanjani. Wasichana wawe na mpira wao na muda wao, na mazoezi yaishe mapema ili wafike kwao kabla ya giza. Aliyeumia apumzike, usimlazimishe kwa sababu ya kombe. Nenda kwa wazazi kabla ya mechi ya kwanza: piga hodi, amkia shikamoo, waeleze mazoezi yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi. Mwisho, weka daftari la timu lenye mahudhurio ya darasani ya kila mchezaji.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa mtoto wa Moa, kwao ni hapo shuleni, na wa kumtunza ni wewe mwalimu. Siku mzee atakapokwambia kwamba mtihani hauulizi magoli, usibishane naye. Mkaribishe kiti, mfungulie lile daftari, mhesabu pamoja siku ambazo mwanawe amekuwa darasani tangu aingie kwenye timu.