Upepo wa Mipira ya Magurudumu Wakati wa Masika

Mkulima, yakupasa ujue ya kuwa trekta haivuti kwa nguvu ya injini peke yake. Huvuta kwa jinsi mpira wa gurudumu unavyoishika ardhi, na mshiko huo hutegemea sana upepo uliomo ndani.

Jaribu jambo hili shambani baada ya mvua. Kandamiza matope kwa ncha ya kidole, nacho kitazama mara moja. Kisha weka kiganja kizima, ukandamize kwa nguvu ile ile, hakizami sana. Mpira uliojaa upepo kupita kiasi ni kama kile kidole: hugusa ardhi mahali padogo, huchimba, huzunguka bure. Uliopunguzwa kwa kadiri hutandaa kama kiganja, na meno mengi zaidi hushika udongo. Tena udongo haushindiliwi sana, nayo mizizi ya mahindi hupata njia.

Kujua kama gurudumu lateleza, litie alama ya chokaa ubavuni. Endesha trekta jembe likiwa limeinuliwa, gurudumu lizunguke mara 10, uhesabu hatua zako: tuseme 60. Kisha shusha jembe ulime, uhesabu tena mizunguko 10. Ukipata hatua 51, umepoteza 15 katika kila 100, na hasara hiyo yavumilika. Ukipata 45, robo ya mwendo wa gurudumu yapotea matopeni, nawe umeinunua kwa dizeli.

Je, upunguze kiasi gani? Siwezi kukupa hesabu moja iwafaayo wote, wala usimwamini akupaye. Tazama jedwali katika kitabu cha trekta yako, ushike kipimo cha chini kilichoruhusiwa kwa uzito ule. Ukishuka zaidi, mpira hukunjika ubavuni ukapasuka, au huteleza juu ya rimu ukang'oa vali.

Lakini barabara ni jambo lingine kabisa. Mkulima mmoja wa kwetu alipunguza upepo wa gari lake la mizigo ili atoke matopeni, akafika kwenye lami akaendelea vivyo hivyo, na mvua yanyesha. Mteremkoni gari halikushika breki, likaingia mtaroni. Yeye alipona, mahindi yaliloa yote. Juu ya lami yenye maji mpira mlegevu hubonyea katikati, vijia vyake hufumbana, maji hayapati pa kutokea, nao huelea.

Nanyi mkaao nyanda za juu, kama Njombe, kumbukeni baridi ya Juni na Julai. Mpira wa gari wenye ratili 30 kwa inchi ya mraba hupungua ratili 1 hivi kwa kila digrii 6 au 7 za baridi, ingawa hauna tundu. Pimeni alfajiri kabla ya safari. Baada ya mwendo kipimo hupanda kwa joto. Msiutoe upepo huo.

Pampu na kipimo vikae katika gari au trekta, si nyumbani, maana mahali pa kurudisha upepo ni ukingoni mwa shamba, kabla ya kukanyaga barabara.